Nimehamia Nairobi na sijapata rafiki hata mmoja, shida ni mimi?

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni msichana wa Mombasa, nimezaliwa Kibokoni nikalelewa huko huko, na tangu Januari niko Nairobi kikazi, ni mhasibu ofisi moja Upper Hill na nimepanga chumba South B. Kazi naipenda, bosi hana neno. Shida ni watu. Kwetu ukitoka mlangoni tu ushasalimiwa na mtaa mzima, ushaulizwa nyanya yako ameamkaje, ushaitwa unywe chai. Hapa jirani wa mlango unaotazamana na wangu hata jina silijui. Ramadhani nilipika futari nikapeleka sahani milango mitatu, wa kwanza hakufungua na TV naisikia ndani, wa pili akasema asante ameshakula, wa tatu akafungua kidogo tu akaniuliza "ni ya nini?", akapokea, halafu sahani ikarudi kwa mkono wa keretaka, yule msimamizi wa nyumba, imeoshwa, iko tupu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama ni ndimu mbili utaweka. Ofisini wananichekea vizuri, eti wanapenda vile naongea, ila kazi ikiisha kila mtu na njia yake, wananiambia "tutafutane wikendi" na wikendi yapita simu kimya. Juzi nikaalikwa bethidei ya mwenzangu hotelini, nikaenda na zawadi yangu, mwisho ikaja bili naambiwa yangu ni elfu moja na mia nane, machozi yalinilenga maana kwetu mwalikwa halipi. Jioni napika nala peke yangu, nampigia mama, naye asema kama ni hivyo rudi nyumbani. Anti, watu hawa hawanipendi ama ni mimi sijui kuishi na watu?
Mgeni, South B

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma yote na nimeumia zaidi pale kwa sahani, kwa hivyo wacha nianzie hapo.

Mlango wa Nairobi unafungwa kwa woga. Hapa mtu akiingia ploti anaandikishwa jina na nambari ya kitambulisho pale geti, madirisha yana grili mpaka gorofa ya juu, na kila mtu ana stori ya mtu anayemjua aliyewekewa "mchele", yaani dawa ya kulewesha, akaamka hana simu wala pesa. Mtoto anafunzwa tangu nasari asipokee kitu cha kula kwa mtu hamjui. Sasa wewe umebisha magharibi, jina lako hawalijui, umebeba sahani imefunikwa. Yule aliyeuliza "ni ya nini" alikuwa anauliza kweli, pengine hajawahi kuletewa futari maishani mwake, na kuiosha ile sahani na kuhakikisha imekufikia kwake hiyo ndiyo heshima yote. Hilo la kutorudisha sahani tupu hakulelewa nalo, hakuna aliyemwambia.

Halafu karibu sisi wote hapa ni wapangaji. Mtu anahama kwa sababu kodi imepanda, kwa sababu maji hayafiki, kwa sababu amepata kazi upande ule mwingine wa mji, leo umemzoea jirani na mwisho wa mwezi unaona pikapu inapakia kitanda chake. Ukishaagana na majirani namna hiyo mara kadhaa unaacha kujisumbua kuzoeana. Na huyo jirani wako hata yeye hajioni ni wa hapa, muulize kwao ni wapi atakwambia Murang'a, Kakamega, Machakos, Kisii, subiri Desemba uone vile mji unabaki mtupu watu wakienda ushago, yaani kijijini kwao. Marafiki zake wa kweli ni ndugu zake, wale alisoma nao sekondari ya bweni, wale wa kanisani au msikitini na wale wa chama chake cha kuchangiana pesa, kwa hivyo wikendi yake imejaa kabla wewe hujampigia. Hapo ndipo naona wageni wengi wanajilaumu bure, wanadhani wamekataliwa na kumbe hakuna nafasi iliyobaki wazi ya mtu kuingilia, lazima uitengeneze.

Kwenu urafiki unaletwa na mahali. Mtu anakaa barazani, wewe unapita, mnasalimiana, kesho hivyo hivyo, miaka inapita mmekuwa ndugu na hakuna aliyepanga. Nairobi urafiki unaletwa na ratiba. Watu wale wale, siku ile ile, saa ile ile, kila wiki, na usikose. Ukishika hilo moja mengine yote niliyoandika hapa chini unaweza kuyasahau.

Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Kansas kule Marekani, Jeffrey Hall, alichapisha kazi yake 2018 akiangalia watu waliohama mji na wanafunzi wapya wa chuo, akakadiria inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja kwa mtu kutoka kujuana tu mpaka kuwa rafiki wa kawaida, kama saa 90 kuwa rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 kuwa rafiki wa ndani. Na akakuta masaa ya kukaa pamoja kwa sababu ya kazi hayahesabiki sana, yanayojenga ni yale ya kupumzika na kupiga stori. Piga hesabu basi, wewe ni mhasibu. Kitu cha masaa mawili kila wiki kinakufikisha saa 50 kwa wiki 25, kama miezi 6. Bethidei ya masaa matatu mara moja kila baada ya miezi miwili, hiyo itakuchukua karibu miaka 3. Ndiyo maana nakwambia ratiba.

Sasa ni kitu gani? Kwa vile unafunga na kuswali, mimi ningeanza na darsa la wanawake. South B na South C kuna misikiti na kuna kina mama na wasichana wanaokutana kila wiki, uliza mara mbili tatu utaelekezwa, na wengi wao watakuwa watu wa Pwani, Wasomali, Wanubi, watu wanaojua sahani ya futari ni nini. Kama hutoki ofisini mapema basi Jumamosi shuka mjini msikiti wa Jamia, pale mkabala na City Market, uliza kuna madarasa gani. Siku moja pia uende Pumwani utembee Majengo, ule ni mtaa wa tangu 1922, Kiswahili na biriani vimekuwako huko kabla nyanya zetu hawajazaliwa, utajua Nairobi haikuanza na watu wa kukimbizana tu. Lakini tafadhali usijifungie na watu wa kwenu peke yao, weka kitu kimoja na watu wa kwenu na kimoja na watu tofauti kabisa: darasa la lugha, klabu ya kusoma, jimu, kikundi cha kutembea Karura Jumamosi asubuhi (msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea 1999, ukitembea mle ndani kwenye ule ubaridi utaelewa walikuwa wanapigania nini). Chagua mbili tu na uziendee hata siku ambayo mvua inanyesha na huna mudi, kwa sababu watu hapa wanaanza kukuamini wakiona umekuja tena na tena.

Chama nimekitaja na najua utaalikwa ofisini. Ni njia nzuri sana ya kuingia kwa watu, mnachanga kila mwezi, mmoja anapewa, mnapiga stori, kuna faini ya kuchelewa na kuna pilau. Ila usiingie chama cha pesa kubwa na watu ambao hujawajua. Anza na kile cha mchango mdogo, uliza kimekaa miaka mingapi, uliza nani anaweka rekodi, na kama hawataki kuulizwa toka polepole.

Kwa majirani usikate tamaa, badilisha tu mpangilio: jina kwanza, sahani baadaye. Kuna utafiti wa zamani wa Leon Festinger na wenzake, 1950, waliangalia familia za wanafunzi kwenye nyumba za chuo cha MIT Marekani, wakakuta marafiki wengi walikuwa ni wa mlango wa pili, na waliokaa karibu na ngazi walizoeana na watu wengi zaidi kwa sababu tu walikutana nao kila siku. Katika flati za Nairobi hapo mahali ni juu ya paa kwenye kamba za nguo Jumamosi asubuhi. Panda na beseni lako, salimia, uliza maji yanakuja siku gani wiki hii, uliza nani ana nambari ya fundi wa gesi. Watu wa hapa wakiulizwa kitu cha maana wanafunguka haraka sana, wakisalimiwa bila sababu wanashtuka kidogo. Mwambie keretaka akuingize kwenye grupu ya ploti. Nunua mboga kwa mama mboga mmoja yule yule, ukikaa dakika tano kwake jioni utajua nani anatoka wapi na nani anatafuta mtu wa kwenda naye jimu. Na yule wa "ni ya nini", huyo ndiye wa kwanza, maana alipokea. Mwambie siku moja ile ilikuwa futari, kwetu tunapelekeana, na umuulize yeye kwao wanapika nini sikukuu.

Hii ya "tutafutane wikendi" isikuumize. Wanamaanisha wanakupenda, ila hakuna siku ndani yake. Ukisikia hivyo weka siku hapo hapo: Ijumaa saa saba lanchi, pale kwa kibanda cha nyuma ya ofisi, au Jumapili saa tisa kwangu South B nitawapikia pilau. Taja mwisho pia, sema saa kumi na mbili mtakuwa mmetoka, kwa sababu mtu anayeishi Rongai au Ruiru anawaza jamu na nauli ya usiku kabla hajawaza urafiki. Jumamosi kumbusha kwa meseji. Alika wanne ukitarajia wawili. Na wakija watabeba mkate, maziwa na sukari, wapokee, hawamaanishi kwako hakuna chakula.

Bili nayo ni mambo ya mji. Hapa ukialikwa hotelini mara nyingi kila mtu anajilipia na mwenye bethidei mnamlipia kwa pamoja, hakuna aliyekuonea. Uliza mapema, "tunachanga ngapi?", swali hilo Nairobi ni la kawaida kabisa na watu wengi wanashukuru mtu mwingine akiliuliza kwanza. Kama huwezi, sema mwezi huu sina, nitakuja next. Hakuna atakayekucheka, sote tunaijua tarehe kumi na tisa, mshahara umeisha na mwezi bado.

La mwisho, na hili ndilo naliona kubwa kuliko yote. Watu wa Nairobi wanakumbuka nani alikuja wakati wa msiba. Mwenzako ofisini akifiwa kutatokea grupu, kutakuwa na nambari ya M-Pesa ya mwekahazina, kutakuwa na mikutano ya jioni na basi la kwenda mazishini ushago. Wengi wanatuma mia mbili na kuishia hapo. Wewe nenda. Kaa kwenye mkutano hata kama huna la kusema, na ukipata ruhusa panda hilo basi. Masaa yote yale njiani kwenda Siaya na kurudi, mmelala mkiegemeana, mmekula chai na mkate kwa mama wa marehemu, huyo mtu hawezi tena kukuita "yule dem wa Mombasa wa akaunti". Hivyo hivyo mtu akijifungua, akilazwa, akipeleka mahari. Wewe hili tayari unalijua kutoka kwenu, kufika kwa watu kwenye shida, na katika mji huu ni watu wachache wanaolifanya kwa moyo. Mama mwambie hurudi sasa, mwambie utampigia tena baada ya mwaka mpya umweleze.


SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni kijana wa Tanga, fundi cherehani, nimekuja Nairobi mwaka jana nafanya kazi kwenye jengo moja Eastleigh. Tatizo langu ni kauli za watu. Mteja anaingia hata salamu hakuna, "leta ile suruali", "si uharakishe". Mimi nikisema naomba, samahani kaka, za nyumbani, mafundi wenzangu wanacheka na kuniigiza. Miezi ya mwanzo nilifurahia mji lakini sasa nimechoka, naongea na mashine tu. Nirudi Tanga?
Fundi, Eastleigh

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ya kufurahia mwanzoni halafu kuchoka inajulikana. Sverre Lysgaard, msomi wa Norway, 1955 aliandika juu ya Wanorwei kama 200 waliokwenda Marekani kimasomo, na waliokuwa na hali mbaya zaidi walikuwa wale waliokaa kati ya miezi 6 na 18, kuliko waliokaa kidogo na kuliko waliokaa sana. Wewe uko katikati kabisa ya hapo. Usiamue kurudi nyumbani ukiwa katikati, vuka kwanza.

Kauli ya mteja wako ni fupi kwa sababu ana haraka na kwa sababu Kiswahili kwa wengi wetu hapa ni lugha ya pili au ya tatu, tumejifunzia barabarani na sokoni, hayo maneno laini hatukuyapata. Mpime mtu kwa anachofanya. Anayesema "leta" halafu analipa pesa yote siku hiyo na wiki ijayo anakuletea suruali ya ndugu yake, huyo amekuheshimu. Anayekuita boss na kukuzungusha pesa mwezi mzima, huyo ndiye wa kukasirikia. Na naomba yako usiiache. Wanaocheka leo ndio watakaokutumia wateja, maana mama akitaka kushonewa nguo ya harusi atamtafuta fundi asiyemfokea.

Kwa marafiki, chai ya saa nne. Acha mashine, shuka na wenzako kibandani, chai na chapati, robo saa, kila siku bila kukosa, hata kama mwanzo unasikiliza tu. Na uchague timu. Wanaume wa Nairobi wanaweza kukaa mwaka mzima bila kuulizana majina ya watoto ila timu yako wanaijua siku ya kwanza. Gor Mahia au AFC Leopards, chagua moja, siku wakicheza wenyewe kwa wenyewe tunaiita Mashemeji, nenda uwanjani na mafundi wenzako. Wewe ni Mtanzania, una Simba na Yanga ya kuwasimulia, na AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, stori hapo haziwezi kuisha. Wakikuigiza, cheka nao na uwafundishe vizuri, anayekuigiza kila siku ameshakuzoea.


SWALI: Anti, nimetoka Busia nikaolewa Githurai, nina mtoto wa miezi miwili. Mume wangu anatoka saa kumi na moja asubuhi anarudi saa tatu usiku. Ameniambia nisizoeane na wanawake wa ploti eti ni umbea. Sijui mtu. Siku zingine nalia tu bila sababu.
Mama Mtoto

JIBU: Pole sana mama. La kulia nianze nalo. Ukienda kliniki mwambie nesi waziwazi hivyo hivyo ulivyoniandikia, kwamba unalia bila sababu, na umwambie inakuja mara ngapi na kama unalala na kula. Hiyo baada ya kujifungua inawapata wanawake wengi, inatibika, na nesi ameshaisikia kwa wengine. Ikizidi kabla ya siku ya kliniki usingoje, nenda, na ukipata mawazo ya kujiumiza au kumuumiza mtoto nenda siku hiyo hiyo na mtu akusindikize.

Kliniki hiyo hiyo ndipo marafiki wako walipo. Chanjo zinatolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9, kwa hivyo mama mliyejifungua wiki moja mtakutana kwenye foleni ile ile kila mara. Keti karibu naye, muulize mtoto analala saa ngapi, ombana nambari. Ikiwa anakaa Githurai hiyo hiyo mtembeleane asubuhi watoto wakiwa wamelala. Kama wewe ni Mkatoliki uliza parokia kuhusu jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wako, wanakutana kila wiki nyumba kwa nyumba na mama mwenye mtoto mchanga huwa anafuatwa kwake. Kuna pia wahudumu wa afya ya jamii wanaopita mitaani, akibisha mkaribishe.

Mume wako ongea naye Jumapili ameshakula na kupumzika, umwambie ukweli kwamba unashinda masaa kumi na sita bila kuongea na mtu mzima na inakuumiza. Umbea uko, simkatalii, lakini mtoto akipandwa na homa saa nane mchana yeye yuko kazini mbali, na wa kukushikia mlango na kukuitia boda ni huyo mwanamke wa mlango wa pili. Mtajie mmoja tu ambaye ungependa kumzoea, na umuombe mwende kumsalimia nyinyi wawili pamoja na mtoto.